Mashine Imeuliza

Itangazwe kwa wananchi wote wa Temeke, na kwa wale wa Kinondoni waliokuja kushangaa, kwamba Jumatatu moja ya mwezi Agosti, mwaka wa tisini na nane, saa tatu na robo asubuhi, mgeni asiye na miadi aliingia katika Idara ya Uthibitisho wa Watu Waliokwisha Kuzaliwa akiwa na suluhisho mfukoni. Idara haikuwa imejiandaa. Ilikuwa imejiandaa kwa moto, kwa mafuriko na kwa ziara za viongozi, lakini suluhisho lilikuwa halijawahi kuingia pale kwa miguu yake.

Mgeni mwenyewe aliitwa Benedikto, mwanafunzi wa chuo, mkazi wa Mabibo, kijana mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Wiki tatu kabla ya hapo alikuja kuchukua cheti chake cha kuzaliwa, akaambiwa vyeti havitoki. Sababu zilikuwa nzuri. Mwezi Machi Idara ilipata kompyuta ya msaada, na siku hiyohiyo Mkurugenzi, Bwana Apolinari, alipiga marufuku kuandika vyeti kwa mkono, kwa kuwa nchi ilikuwa imeingia zama mpya. Kompyuta ikapewa chumba chake peke yake. Ikatandikiwa kipande cha zulia, ikafunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya waridi, na mlangoni likabandikwa tangazo la kuvua viatu. Kilichosahauliwa ni programu ya kuandikia vyeti. Kwa hiyo tangu Machi hakuna mtu aliyekuwa amezaliwa rasmi Temeke, na Mkurugenzi aliandika katika taarifa yake kwamba kasi ya ongezeko la watu imedhibitiwa.

Aliyempokea Benedikto ni Nassibu, afisa wa majaribio, umri miaka ishirini na minne, shahada bado inanukia wino. Nassibu aliiamini serikali kama mtoto anavyoamini kwamba dawa chungu ndiyo inayoponya. Majaribio yake ya miezi sita yalikuwa yanaisha Ijumaa ya wiki hiyohiyo, na faili lake lilikuwa mezani kwa Mkurugenzi likisubiri saini. Baba yake kule Pugu alikwisha kuwaambia majirani kwamba mwanawe ni afisa wa serikali.

Benedikto alitoa diski iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, akaeleza. Ndani yake mlikuwa na programu ya kuandika na kutunza kumbukumbu. Imetengenezwa na watu waliotawanyika duniani, wengi wao hawajawahi kuonana, nao wanaigawa bila malipo. Zaidi ya hayo, yeyote anayetaka kujua ilivyotengenezwa anaruhusiwa kuifungua na kuisoma mstari kwa mstari, na akiona kosa anaruhusiwa kulirekebisha.

Jambo kama hilo Nassibu alilizoea kwenye insha zake tu. Akampeleka mgeni kwa Mkurugenzi.

Bwana Apolinari alisikiliza akiwa ameunganisha ncha za vidole. "Bure?" akauliza.

"Bure kabisa, mzee."

"Na wanakuonyesha mpaka ndani."

"Kila kitu."

"Kijana, mtu mwenye nia njema hana haja ya kuonyesha kila kitu. Wahenga walishasema, bure ghali."

Hata hivyo alikubali ijaribiwe, kwa sababu kukataa kungehitaji barua. Wakavua viatu, wakaingia, kitambaa cha waridi kikakunjwa, diski ikasukumwa mahali pake. Mashine ikakoroma. Kisha pakatokea kiboksi cha kijivu chenye alama ya njano na maneno ya Kiingereza, na Nassibu, kwa kuwa ndiye mwenye shahada, akaamriwa kutafsiri kwa sauti.

"Tahadhari. Programu hii imetoka kwa mtengenezaji asiyejulikana. Inaweza kudhuru kompyuta yako. Unataka kuendelea?" Akaongeza kwamba chini yake kulikuwa na vitufe viwili, kimoja cha Ndiyo na kimoja cha Hapana.

Benedikto alisema hilo ni jambo la kawaida. Mashine inawafahamu wale tu waliolipa kujulikana, mtu anabonyeza Ndiyo, kazi inaendelea. Akanyoosha mkono kwenye kipanya. Mkurugenzi akaushika ule mkono hewani.

"Ndugu zangu," alisema, "mashine hii ni mali ya serikali. Kwa hiyo anayeulizwa hapa ni serikali."

Hakuna aliyekuwapo mwenye cheo cha kujibu kwa niaba ya serikali. Nassibu alipopendekeza basi ibonyezwe Hapana, Mkurugenzi alimtazama kwa huruma akamweleza kwamba Hapana nayo ni jibu. Njia ya busara ilikuwa moja: swali liachwe palepale kwenye kioo, na iundwe kamati.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Kamati ya Kudumu ya Muda ya Kushughulikia Swali, wajumbe saba, mwenyekiti Bwana Apolinari. Nassibu akateuliwa Kaimu Mlinzi wa Swali. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta kuhakikisha swali halijibiwi kwa bahati mbaya, na kujaza kitabu chenye safu nne: tarehe, saa, hali ya swali, na jina la aliyejibu. Saa tano umeme ulikatika. Swali likatoweka. Mkurugenzi alidai maelezo ya maandishi kwa nini waraka wa serikali umepotea mikononi mwa afisa. Saa nane umeme ukarudi, Nassibu akasukuma diski upya, swali likatokea tena, naye akaandika kwenye kitabu kwa mwandiko mzuri: "Swali limerejea. Halijambo."

Adhabu ilimwangukia mlinzi wa mlangoni, Mzee Shomari, kwa kumruhusu mgeni kupita. Alipewa onyo kali la mwisho, na Jumanne asubuhi Waraka Namba Saba ukabandikwa mlangoni: "Chochote na yeyote ambaye mashine haimfahamu, bila kujali cheo, hataingia wala kukaa katika chumba cha mashine mpaka alete barua ya utambulisho kutoka kwa mjumbe wake wa nyumba kumi." Mzee Shomari alimwomba Nassibu amsomee mara tatu, akauhifadhi kama sura. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu.

Siku hiyohiyo alikuja Mama Filomena kutoka Mbagala. Kwao ni Newala, mume wake mchonga vinyago, na yeye mwenyewe alikuwa na ile sauti ya watu wasiotaka kumsumbua mtu. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi, na chuo kilitaka cheti cha kuzaliwa kabla ya saa nane mchana, Ijumaa. Baada ya hapo nafasi angepewa mwingine aliye kwenye orodha. Ilikuwa mara yake ya sita kuja. Nassibu alimkaribisha kwenye benchi, wakazungumza mpaka akajikuta amemweleza habari za faili lake na za baba yake na majirani wa Pugu. Yule mama alifurahi kana kwamba ni mwanawe.

"Basi karatasi zenu zitatoka siku moja," alisema. "Wewe na Filomena wangu."

Nassibu alisimama. "Mama, Ijumaa kabla ya saa sita, cheti kitakuwa mkononi mwako. Nakuahidi."

Mzee Shomari alikohoa. Katika miaka kumi na moja alikuwa hajasikia Idara ikiahidi kitu chenye saa ndani yake.

Kamati ilikaa alasiri na kutoa uamuzi wake wa kwanza. Tatizo la programu lilikuwa dogo na la kawaida: haikuwa na barua ya mjumbe. Mtu akihamia mtaani, akitaka kazi, akitaka kumdhamini ndugu yake polisi, huenda kwa mjumbe. Kwa nini programu ijione bora?

Nassibu aliona uamuzi huo una mantiki, na akaomba ruhusa ya kumsindikiza Benedikto. Mjumbe wa mtaa wake alikuwa Bi Rukaiya, muuza mkaa karibu na soko la Mabibo, mwanamke mnene mwenye kanga iliyokwisha kuwa rangi ya biashara yake. Walimwamkia, wakamweleza shida. Hakucheka hata kidogo. Alifuta mikono, akafungua daftari.

"Huyo mgeni kalala kwa nani?"

"Kwangu, mama. Kwenye sanduku la vitabu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano."

"Miezi mitatu una mgeni, na mie mjumbe sina habari. Hivi nyie wasomi mnatuonaje?"

Benedikto aliomba radhi. Bi Rukaiya akauliza kama kuna anayeweza kumwambia huyo mgeni ana nini tumboni, na hapo Benedikto akatoa mkobani bunda la karatasi, kurasa mia na kitu, programu nzima ilivyoandikwa. Mama alizigeuza moja moja, akiacha alama ya kidole cheusi kila kona. Hakuelewa neno. Aliuliza kama wapo kweli wanaozisoma. Akaambiwa wapo maelfu, na mmoja akiona ubovu anatangaza hadharani, mwingine anautengeneza.

"Hapa mtaani," alisema Bi Rukaiya, "mwenye kuacha mlango wazi hajawahi kunipa kesi. Wanaonisumbuaga ni wenye mageti." Akachana karatasi, akaandika, akagonga muhuri.

Nassibu alisoma barua njiani. Ilisema: "Mwenye barua hii ni programu, mkazi wa mtaa wangu. Kachelewa kuripoti lakini kajieleza. Hanywi, hapigani, hadaiwi na mtu, na ndani kwake nimeingia. Naomba asaidiwe." Aliikunja polepole. Tangu aanze kazi hakuwa ameona waraka uliosema kilichokusudiwa.

Jumatano Kamati iliipokea barua kwa shukrani na kuikataa. Haikuwa na picha. Benedikto akaenda studio moja ya Manzese, diski ikapigwa picha kwenye pazia la bluu. Alhamisi Kamati ikaikataa picha, kwa kuwa kanuni zinataka masikio yote mawili yaonekane. Mjumbe mmoja wa Kamati alitaka kujua kama diski ina masikio. Mwenyekiti alimjibu kwamba hilo ndilo hasa linalotia shaka.

Kisha, Alhamisi hiyohiyo saa tisa, Mkurugenzi alitangaza kwamba Idara imepata programu inayojulikana. Ilitoka kwa bwana mmoja wa Kariakoo anayejulikana sana, hasa na Mkurugenzi. Ilikuja ndani ya boksi linalong'aa, lenye karatasi ya dhahabu na maandishi yaliyokataza mtu yeyote, popote, wakati wowote, kutazama ndani yake. "Mnaona," alisema Bwana Apolinari akilipapasa. "Hii ina siri. Kitu chenye siri kina mwenyewe." Uzinduzi ungekuwa kesho yake saa nne, mbele ya Mgeni Rasmi kutoka makao makuu.

Usiku ule Nassibu alilala vizuri. Mambo yalikuwa yanakwenda: programu saa nne, cheti saa tano, faili saa sita. Aliona hata Kamati ilikuwa na faida yake.

Ijumaa ilikuja na viti vya plastiki, sambusa, na kitambaa cha waridi kilichofuliwa. Mgeni Rasmi, bwana mzito asiyependa kusimama, alivua viatu kwa utii, akakaa karibu na sahani. Nje, foleni ilikwisha kufika kwenye genge la nyanya. Mama Filomena alikuwa wa kwanza, akiwa amevaa nguo ya kanisani.

Mkurugenzi alihutubia dakika arobaini kuhusu kujulikana. Alisema adui wa maendeleo siku hizi si ujinga wala maradhi, ni asiyejulikana. Kisha akasukuma diski ya dhahabu kwa mkono wake mwenyewe, na mashine, kwa furaha ya wote, haikuuliza kitu. Ilimkaribisha. Ikaomba tu namba iliyoandikwa kwenye boksi. Mkurugenzi akaiandika kwa kidole kimoja. Mashine ikafikiri, kisha kikatokea kiboksi cha kijivu chenye alama ya njano.

"Tafsiri," akaamuru.

Nassibu alisoma kimoyomoyo kwanza, akatamani angesomea kilimo. "Inasema tahadhari, mheshimiwa. Namba hii si halali. Mtumiaji hajulikani."

"Mtumiaji ndiye nani?"

"Aliyeandika namba."

Mkurugenzi aliandika tena, akisema tarakimu kwa sauti ili mashine isikie. Mtumiaji hajulikani. Aliandika mara ya tatu, cheo chake kikiwa mbele ya namba. Mtumiaji hajulikani. Benedikto, aliyekuwa amesimama nyuma na diski yake, alisema kwa upole kwamba bwana wa Kariakoo huenda alinakili boksi moja akauza mengi, na mashine haina la kufanya. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu Mzee Shomari alikuwa ameingia. Alikuwa peku, kofia mkononi, na uso wa mtu aliyebakiza miezi minne.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba tutoke."

"Tutoke na nani?"

"Mie na wewe. Mashine haikufahamu. Waraka Namba Saba: chochote na yeyote, bila kujali cheo, hataingia wala kukaa." Aliusoma wote kichwani, mpaka tarehe.

Bwana Apolinari alicheka kidogo akamgeukia Mgeni Rasmi acheke naye. Mgeni Rasmi alikuwa anatafuna. Alimeza kwanza, akauliza waraka huo aliutia saini nani. Akaambiwa ni Mkurugenzi.

"Basi waraka ni waraka," alisema. "Si jambo kubwa. Alete barua ya mjumbe wake, tuendelee. Mjumbe wako nani?"

Hapo Mkurugenzi alifungua kinywa na pakawa hapana jina ndani yake. Alikuwa amehamia nyumba mpya miaka minne nyuma, yenye geti la chuma na mbwa wawili, na kila mjumbe alipogonga aliambiwa mzee hayupo. Dereva alitumwa kwenda kuuliza. Aliporudi alisema majirani wanalifahamu gari, mbwa wanawafahamu, lakini hakuna awezaye kuapa kwamba anamfahamu mwenyewe.

Kwa hiyo Mkurugenzi wa Idara ya Uthibitisho wa Watu Waliokwisha Kuzaliwa alikalishwa kwenye benchi la nje, soksi ya kushoto ikiwa na tundu la kidole gumba. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimuuliza, "Baba, we ndo wa mwisho?" Aliuficha mguu wa kushoto nyuma ya wa kulia. Yule mama akakaa nyuma yake.

Saa tano na nusu. Ndani walibaki Mgeni Rasmi na sambusa, Benedikto, na Nassibu mbele ya kioo. Dirishani alionekana Mama Filomena. Hakuwa ananung'unika. Alikuwa anatazama jua, kama mtu anayejifunza kuzoea habari mbaya kabla haijafika.

Nassibu aliomba diski ya Benedikto. Alitoa ile ya dhahabu, akasukuma ile ya Mabibo. Swali likatokea, lilelile la Jumatatu. Alipogusa kipanya, sauti ikapenya kwenye nondo za dirisha. Bwana Apolinari alikuwa amesimama juu ya benchi.

"Nassibu. Faili lako liko mezani kwangu."

"Naam, mheshimiwa."

"Leo nilikuwa nalitia saini. Ukibonyeza hapo, hutaiona saini yangu, hapa wala idara nyingine yoyote. Nani amekutuma kujibu?"

Nassibu aliufikiria mkono wa baba yake, jinsi ulivyokuwa ukimwonyesha kwa majirani. Alifikiri vilevile kwamba tangu Jumatatu watu saba wazima walikuwa wamelikimbia neno moja la silabi mbili. Alifungua kitabu cha swali, na kwenye safu ya nne, iliyokuwa tupu siku tano, akaandika jina lake na la baba yake, kwa ukamilifu. Kisha akabonyeza Ndiyo.

Mashine haikulipuka. Iliweka programu kwa dakika sita, ikatulia, ikasubiri kazi. Fomu zilikuwapo kabatini, mia mbili, zote Mkurugenzi alizitia saini tangu Machi zikiwa tupu, ili kuokoa muda. Nassibu aliandika jina, tarehe na kijiji. Printa ikalia kama jogoo mwenye mafua, na Filomena akazaliwa, miaka kumi na tisa baada ya kuzaliwa. Mgeni Rasmi alikichukua cheti, akakitazama pande zote mbili, akakirudisha kikiwa na alama ndogo ya mafuta. Alisema hicho ndicho alichoalikwa kuona, akaomba viatu vyake.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne. Nassibu alitoka peku, akampa Mama Filomena cheti kwa mikono miwili. Alikisoma herufi kwa herufi, midomo ikicheza, akakirudia, kisha akakitia kifuani ndani ya gauni, mahali pasipofikiwa na umeme wala kamati. Mpaka chuoni alikuwa na masaa mawili, yalimtosha. Alipiga hatua, akageuka.

"Na karatasi ya kwako, mwanangu? Imetoka?"

Kwenye benchi, Bwana Apolinari alikuwa anatazama pembeni.

"Inafanyiwa kazi, mama," alisema Nassibu. "Wahi." Akamtazama mpaka alipovuka genge, kisha akarudi kwenye zulia na kumwita anayefuata.